Staringi Hakufangi

Kwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo mwenyewe hakuhitaji kuiandika ukutani: staringi hakufangi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, aangushwe kwenye jabali, azamishwe matopeni hadi puani, lakini usimlilie. Atarudi. Ukithubutu kutoa chozi, wale wa benchi la nyuma wangekucheka hadi muvi iishe, na Jumatatu shule nzima ingekuwa imesikia.

Kibanda kilikuwa cha mabati, Eastlands, nyuma ya kinyozi. Kiingilio shilingi 10. Mvua ikinyesha husikii kitu, unaangalia tu midomo ikicheza. Nje palikuwa na ubao, na juu yake, kwa chaki, Jumamosi baada ya Jumamosi: RAMBO 2. RAMBO 3. COMMANDO. Siku moja nikamwuliza mwenye video mbona haletangi Rambo ya kwanza. Alikuwa anahesabu sarafu, hata hakuinua macho.

"Hiyo haina mambo," akasema. "Jamaa analialia tu."

Nilikuwa na miaka 10 hivi. Nikaamini. Kwa hivyo Rambo niliijua kuanzia katikati, na nafikiri watu wengi wa rika langu waliijua hivyo: mwanamume mwenye misuli, kitambaa chekundu kichwani, mishale inayolipuka. Tulitengeneza pinde kwa vyuma vya miavuli iliyovunjika. Tulifunga vitambaa vya jikoni vichwani na kuchapwa kwa sababu hiyo. Ya kwanza nilikuja kuiona 2015, nikiwa nimemaliza chuo, kwenye laptopu, nimeketi kando ya mjomba wangu. Nitarudi hapo.

Marafiki zangu tukikutana, mjadala mmoja haukosekani: je, ya pili inaweza kushinda ya kwanza? Mmoja atataja The Godfather Part II ya 1974, mwendelezo wa kwanza kabisa kushinda Oscar ya filamu bora. Mwingine ataleta Terminator 2. Kuna yule ambaye lazima aseme The Empire Strikes Back ndiyo Star Wars pekee yenye maana, na kuna yule atakayeuliza kwa uchungu kilichoipata The Matrix mwaka 2003. Wote wanapima kitu kimoja, utamu. Mimi siku hizi nina swali tofauti: ya pili imeifanyia nini ya kwanza? Kwa sababu mwendelezo haukai tu kimya baada ya mwenzake. Unaweza kurudi nyuma, ukaikalia ile ya kwanza, ukawafanya watu wasahau ilisema nini. Na sijui trilojia iliyofanya hivyo waziwazi kama Rambo. Ndiyo, ziliongezwa nyingine mbili, 2008 na 2019. Lakini kwa miaka 20 zilikuwa tatu tu, na hizo tatu ni historia ya nchi moja ikijaribu kuandika upya vita ilivyoshindwa.

Tuanze na kitabu, maana kulikuwa na kitabu. Mwaka 1972 David Morrell, Mkanada aliyekuwa mwalimu wa fasihi Chuo Kikuu cha Iowa, alichapisha riwaya iitwayo First Blood. Jina la shujaa wake lilitoka jikoni: mkewe alileta nyumbani matufaha ya aina inayoitwa Rambo, siku ambazo Morrell alikuwa akimsoma mshairi Mfaransa Rimbaud. Majina hayo mawili yakagongana kichwani mwake. Riwaya inamhusu kijana aliyetoka vita vya Vietnam, nywele ndefu, hana kazi, anapita katika mji mdogo wa Kentucky. Mkuu wa polisi wa mji huo naye ni mwanajeshi wa zamani, wa vita vya Korea. Vizazi viwili vya vita vinakutana barabarani na kila kimoja kinakataa kumpisha mwenzake. Watu wengi wanauawa. Na mwishoni Rambo mwenyewe anauawa, tena na Trautman, afisa wa kile kikosi kilichomfundisha kuua.

Soma hiyo sentensi tena. Katika hadithi ya asili, staringi alikufa.

Hollywood ilihangaika na kitabu hicho kwa miaka 10. Kirk Douglas alikuwa acheze Trautman lakini akajitoa, kwa sababu alitaka Rambo afe kama kitabuni. Nafasi yake akachukua Richard Crenna. Mwongozaji Ted Kotcheff alipiga picha miisho yote miwili. Katika ule wa kwanza, Rambo anakufa kwa bastola ya Trautman. Watazamaji wa majaribio waliuchukia. Walikuwa wamekaa na huyu mtu saa moja na nusu wakiteseka naye, halafu mnamuua? Ukawekwa mwisho wa pili: anatoka nje amefunikwa koti, mikono ya kanali begani. Kwa hivyo ile sheria yetu ya kibandani iliwahi kupigiwa kura kabla sisi hatujazaliwa.

First Blood ilitoka Oktoba 1982. Wiki tatu baadaye, tarehe 13 Novemba, ule ukuta mweusi wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Vietnam ulizinduliwa mjini Washington, umechongwa majina ya waliokufa, zaidi ya 57,000 wakati huo. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1980, madaktari wa akili wa Marekani waliingiza rasmi kwenye mwongozo wao ugonjwa wa kiwewe kinachobaki baada ya maafa, ule tunaousikia sana siku hizi kwa herufi PTSD. Filamu hii ni ya wakati huo, wakati nchi ilipoanza kuuliza: hawa vijana tuliowatuma, wamerudi wakiwa nani?

Kama hujawahi kuiona, usidanganywe na picha ya bango. Inaanza na mtu anatembea kando ya ziwa akimtafuta rafiki yake wa jeshi. Anamkuta mwanamke akianika nguo. Anaambiwa rafiki amekufa na saratani, iliyotokana na ile sumu ya kukausha misitu ambayo Wamarekani waliimwaga Vietnam. Anampa yule mwanamke picha ya rafiki, anaondoka. Anafika mji unaoitwa Hope. Mkuu wa polisi anamwona: nywele, jaketi la jeshi, begi la kulalia. Anampa lifti hadi nje ya mji na kumwonyesha barabara ya kwenda mbali. Jamaa anageuka, anarudi kwa miguu. Anakamatwa.

Kosa lake? Uzururaji.

Hapo mkazi wa Nairobi anakaa wima. Sisi tulirithi Sheria ya Uzururaji kwa mkoloni tukakaa nayo hadi 1997 ilipofutwa, na kufutwa kwake hakukumzuia askari kukuuliza saa mbili usiku unatoka wapi, unaenda wapi, na mbona unaonekana hivyo. Kwenye seli wanamvua nguo, wanampiga na maji ya mpira, wanataka kumnyoa kwa wembe mkavu. Wembe ule unamrudisha kambini alikoteswa. Hapo ndipo anapochomoka. Yaliyobaki yote, msitu, mitego, moto, yanatokana na mtu aliyekataliwa kununua chakula na kupita zake.

Na katika vurugu yote ile, anayekufa waziwazi mbele ya macho yetu ni mtu mmoja. Polisi anayemlenga kutoka kwenye helikopta. Rambo anarusha jiwe kujiokoa, helikopta inayumba, polisi anaanguka. Mmoja! Mtu ambaye jina lake baadaye likawa neno la kuua watu kwa mamia. Mwishoni anakaa chini na kulia kama mtoto. Anasema kwamba kule alikabidhiwa mitambo ya mamilioni, na huku hawezi kupewa hata kazi ya kuegesha magari. Anasimulia rafiki aliyelipuliwa mbele yake na bomu lililofichwa kwenye sanduku la mtoto wa kupiga viatu rangi. Mwenye video alisema kweli. Jamaa analialia.

Filamu iliingiza takriban dola milioni 125 duniani. Kwa hivyo, ya pili.

Morrell aliombwa aandike kitabu cha filamu hiyo ya pili, na ikambidi aanze kwa kuwafafanulia wasomaji kwamba kwenye riwaya yake Rambo alikufa, ila kwenye filamu yu hai. Huwa nawaza alivyojisikia kuandika maneno hayo. Ni kama kumzika mtu, halafu ndugu wa marehemu wanakujia na fundi cherehani, wanataka vipimo vya suti yake.

Rambo: First Blood Part II ilitoka Mei 1985. Rasimu ya kwanza ya mswada iliandikwa na James Cameron, Stallone akaiandika upya. Rambo yuko gerezani anavunja mawe. Kanali anamfuata na ofa: rudi Vietnam, kapige picha kambi tuone kama kuna Wamarekani bado wamefungwa. Rambo anauliza kama safari hii wataruhusiwa kushinda. Trilojia nzima inageukia kwenye swali hilo. Katika ya kwanza, kidonda kilikuwa vita vyenyewe na namna nchi ilivyompokea aliyerudi. Katika ya pili, kidonda ni kwamba kuna watu waliotuzuia kushinda: wanasiasa, makarani, yule Murdock mwenye tai anayeamuru helikopta imwache uwanjani. Ugonjwa umebadilishwa jina, na dawa yake ni kurudi vitani.

Ukweli je? Mwaka 1973, baada ya makubaliano ya Paris, mateka 591 wa Marekani walirudishwa nyumbani. Maelfu wengine hawakujulikana walipo, na familia zao ziliishi na tumaini ambalo hakuna mtu mwenye moyo angelicheka. Lakini kamati ya Bunge la Seneti ilichunguza, na mwaka 1993 ikasema haikupata ushahidi wa kuaminika kwamba kuna Mmarekani yeyote bado anashikiliwa hai. Kufikia hapo muvi ilikuwa imeshajibu swali miaka minane kabla. Wapo, na Rambo amewatoa.

Wavietnamu wenyewe? Wanaanguka kama senene. Serikali yao ilikuja kukadiria mwaka 1995 kwamba vita vile viliua zaidi ya milioni 3 kwa upande wa wenye nchi, raia na wapiganaji. Sisi kwenye kibanda tulikuwa tunashangilia kila mshale. Wajukuu wa watu walioingia misitu ya Nyandarua kupigana na jeshi la kigeni, tumebanana kwenye benchi, tunamshangilia jeshi la kigeni. Hakuna aliyetuambia. Na tungeambiwa, sijui kama tungesikia.

Iliingiza takriban dola milioni 300. Mwezi Juni mwaka huohuo, mateka wa ndege iliyotekwa kule Beirut walipoachiliwa, Rais Ronald Reagan alikuwa akijaribu maikrofoni kabla ya hotuba, akatania kwamba ameona Rambo jana usiku na sasa anajua la kufanya yakitokea tena. Jina la tufaha likawa sera. Huku kwetu likawa kila kitu: jina la mtu wa fujo, jina la mbwa, na majirani zetu wa Tanzania wakaliita mifuko ya plastiki rambo, mpaka leo.

Lakini kuna mahali ambapo ile ya kwanza ilisomwa vingine. Vita vilipoanza Sierra Leone mwaka 1991, First Blood ilikuwa ikipita kwenye vibanda vya video vya huko kama vyetu. Mwanaanthropolojia Paul Richards, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu vita hivyo, anaeleza jinsi vijana walivyoielewa: kijana aliyefukuzwa mjini na wenye mamlaka, akaingia msituni bila kitu, akatumia akili yake kuwatikisa. Hawakuona Mmarekani. Walijiona wenyewe. Wapiganaji wakajiita Rambo, na yaliyofuata ni maafa yasiyo na utamu wowote. Silaumu muvi kwa vita vya watu wengine. Ninachosema ni kwamba ile filamu "isiyo na mambo" ndiyo iliyomgusa kijana aliyefungiwa mlango.

Ya tatu nitaipitia haraka, maana yenyewe haina subira. Rambo III ilitoka tarehe 25 Mei 1988, ikiwa imegharimu takriban dola milioni 60, ghali kuliko filamu yoyote iliyowahi kutengenezwa hadi wakati huo. Kanali ametekwa na Warusi Afghanistan, Rambo anaingia kupitia Peshawar kumtoa. Ila historia ilikuwa imemtangulia: wanajeshi wa Kisovieti walianza kuondoka Afghanistan tarehe 15 Mei, siku 10 kabla. Marekani kwenyewe ilipata dola milioni 53 tu. Watu walikuwa wamechoka, au adui alikuwa amekwenda nyumbani.

Kuna picha inayozunguka mitandaoni ikidai filamu ile ilimalizika kwa maneno ya kuwasifu wapiganaji wa mujahidina, yakabadilishwa baada ya Septemba 2001. Si kweli. Tangu mwanzo ilitolewa kwa heshima ya watu wa Afghanistan, na wahakiki wa 1988 walilitaja hilo. Hatuhitaji uongo, kwani ukweli unatosha. Agosti 1988, miezi mitatu baada ya filamu kutoka, katika Peshawar ile ile ambayo Rambo anapitia, Osama bin Laden na wenzake wachache, Waarabu waliokuja kwa vita hivyo, walianzisha al-Qaeda. Waafghani wengi hawakuhusika hata kidogo. Miaka 10 baadaye, tarehe 7 Agosti 1998, bomu likalipuka katikati ya Nairobi na watu 213 wakafa mjini kwetu. Mwaka 2012 al-Shabaab ikatangaza utiifu wake kwa kundi hilo hilo. Wakati huo mjomba wangu alikuwa Somalia, amevaa sare ya Kenya. Muvi ya tatu iliisha. Mwendelezo wake ukatufuata hadi mlangoni.

Mjomba aliporudi, baadaye akaacha jeshi, alikuja kukaa kwetu. Tulilala chumba kimoja. Hakuwa mtu wa kupiga kelele wala kupigana, kama watu wanavyofikiria. Alikuwa anaosha vyombo saa tisa usiku. Alikuwa hapandi matatu iliyojaa. Anangoja, inapita, anangoja nyingine. Mama alisema amechoka, atapumzika. Majirani walimwita Rambo, kwa heshima kabisa, na watoto walimsalimia kwa saluti. Aliwarudishia saluti kila mara. Sikuwahi kuona akikosa.

Jioni moja stima ilikuwa imepotea, laptopu ina chaji. Nilikuwa nimepata First Blood. Nikamwuliza kama ataona. Akasema twende kazi. Nilidhani tutacheka.

Hatukucheka. Ilipofika pale mwishoni, ile sehemu ya kulia, mimi ndiye niliyeangalia chini, mtoto wa kibandani bado yumo ndani yangu. Yeye alitazama bila kubadilika uso. Majina yakaanza kupanda. Nikanyosha mkono nifunge.

"Ngoja. Rudisha kule mwanzo."

"Gani, ya polisi?"

"Zii. Kabla ya hiyo. Pale kwa mama wa nguo."

Nikarudisha. Ziwa, kamba ya nguo, ile picha ikitoka kwa mkono mmoja kuingia mwingine. Tukaiona yote tena, dakika tatu hivi. Halafu akasema, kama mtu anayeeleza njia, "Mimi pia niliendaga kwa kina mwenzangu. Huko Kitui. Mamake akaniuliza kama nimekula."

Nikauliza, "Ukamwambia nini?"

"Nilikula," akasema. "Nilikula yote."

Chaji ilikuwa imebaki kidogo. Akauliza kama kuna ya pili. Nikamwambia iko, na ndiyo watu wanaipenda.

"Anafanywa nini kwa hiyo?"

"Anarudishwa."

"Vita?"

"Eeh."

"Na nani?"

"Na wale wale."

Akainuka, akachukua sufuria iliyokuwa na maji, akaanza kuosha vikombe gizani. Sikumwekea ya pili, naye hakuiuliza tena.